Hodi kwa Mama wa Mikate

Daftari lenyewe lilikuwa la hesabu, lile lenye vijumba, na jalada lake limeliwa na mende pembeni. Nililikuta chini ya kabati la vyombo siku tulipokwenda Lindi kutoa vitu kwenye nyumba ya bibi, miezi mitatu baada ya kumzika. Wajomba zangu walikuwa wanagombea friji. Nikalitia daftari mkobani, nikasema sitaki kitu kingine, wakanitazama kama mtu anayejifanya mtakatifu. Sikujifanya. Nilikuwa na hasira tu, na mwenye hasira kwenye mgawanyo wa vitu ni afadhali achukue kile kisichogombewa.

Ndani ya daftari kuna ramani. Nilizichora mimi nikiwa darasa la sita, kwa penseli, kila kijumba hatua moja. Ni ramani za mji wa ndani ya gemu. Mjomba mmoja alipohamia Mtwara aliacha kompyuta yake ya mezani, kubwa kama sanduku la nguo, kwa bibi, tulikokuwa tukiishi mimi na kaka, nasi tukaifunika kwa kitambaa cha kufuma tulichokitoa kwenye kochi. Ilikuwa na gemu moja tu, la Kiingereza, la watu wanne wanaomtafuta mfalme aliyepotea. Unawaona kutoka juu, wadogo kama punje, unawapeleka huku na huko, wanapigana na majoka, wanapata nguvu, wanapata panga bora zaidi, wanaendelea. Kaka yangu, aliyenizidi miaka miwili, ndiye aliyekuwa akibonyeza. Mimi nilichora njia ili tusipotee. Gemu lilipotuuliza majina ya wale wanne tuliwaita Muhogo, Ufuta, Korosho na Mbaazi, kwa sababu lilituuliza tukiwa na njaa.

Bibi hakuwahi kukitazama kile kioo. Alikuwa na mtoto wa jicho na mwanga ulimuumiza, kwa hiyo alikaa mkekani ametugeuzia mgongo, akisuka ukili, na gemu kwake likawa kama redio. Siku ya kwanza kabisa aliuliza, "Sasa mko wapi?"

"Tumeingia nyumba ya mtu, bibi," kaka akajibu. "Tunatafuta vitu."

"Mmepiga hodi?"

Kaka akacheka. Akamweleza kwamba hizi ni picha, mlango wenyewe hauna hata kitasa, na wenye nyumba wamesimama tu, hawasemi kitu hata ukifungua makabati yao yote. Bibi akaweka ukili chini.

"Nyumba ya mtu ni nyumba ya mtu. Tokeni."

Tukatoka. Nawaona mpaka leo, Muhogo mbele na wenzake nyuma, wakirudi njiani na mikono mitupu. "Hodi," kaka akasema kwa sauti ya kuudhika. "Karibu," bibi akaitika bila kugeuka. Ndipo tukaingia.

Ikawa ndiyo sheria. Hodi hupigwa mara tatu, usipoitikiwa unaondoka. Ukiitikiwa lazima uingie, hata kama ni kusimama mlangoni tu, kwa sababu kupiga hodi halafu ukaondoka ni kumchezea mtu. Mara nyingine bibi alikuwa anahesabu miyaa yake ya kusukia, au amenuna, asiitike, nasi tukaipita nyumba ambayo tulijua kabisa ina upanga ndani. Kwenye mapango aliturahisishia. "Kwa majoka hakuna hodi," alisema. "Huko ingieni hivyohivyo." Siku alipokwenda msibani tulicheza tunavyotaka, tukaingia nyumba ishirini kama wezi, tukakomba kila kitu. Haikunoga. Kaka mwenyewe ndiye aliyesema tuzime.

Bibi alitaka pia kujua watu wa mle ndani wanasema nini. Kaka alikuwa kidato cha kwanza, na Kiingereza chake kilikuwa cha kidato cha kwanza. Alikuwa anayasoma maneno chinichini, anameza mate, halafu anatoa Kiswahili kilichonyooka kama cha taarifa ya habari. Mimi nilimwamini. Bibi alimwamini zaidi, na aliyempenda kuliko wote alikuwa mwanamke mmoja mzee wa nyumba ya mwisho, karibu na kisima. Huyo, kwa tafsiri ya kaka, kila tulipoingia alisema, "Karibuni wanangu. Mkate upo kabatini, chukueni, msione haya." Tulichukua. Mkate ule uliponya majeraha, na ajabu yake ni kwamba ukitoka nje ukarudi, mwingine upo kabatini. Tulimwita mama wa mikate. Kwenye daftari nimeandika hivyo, juu ya kijumba cha mwisho, kwa herufi kubwa.

"Huyo amelelewa," bibi alikuwa akisema. "Mungu amzidishie unga."

Kaka alikwenda shule ya bweni, kompyuta ikafa, mfalme tukamwacha hukohuko alikopotea. Bibi hakusahau. Miaka yake ya mwisho, akiwa haoni kabisa, niliwahi kumpigia simu nikiwa kazini, akaniuliza, "Yule mama wa mikate yupo?" Nikadhani amechanganyikiwa. "Yupo, bibi," nikamjibu, nikamwambia nitapiga tena jioni. Sikupiga.

Sasa hivi naishi Kilwa Masoko. Nachora ramani za viwanja ofisini, kazi ileile ya darasa la sita, ila sasa kuna mihuri. Nimepanga vyumba viwili katika nyumba iliyogawanywa katikati. Upande wa pili anakaa mama mmoja mtu mzima kutoka Nyangamara, fundi cherehani, na ukuta ulio kati yetu haukufika kwenye bati. Najua anaamka saa ngapi. Najua kikohozi chake. Asubuhi nikipita namwambia shikamoo, anasema marahaba, nami nimeshafika barabarani. Tumeishi hivyo miezi minane.

Nitasema wazi, kwa kuwa hakuna faida ya kuzungukazunguka: nina upweke unaoniuma. Sikutarajia. Nilipohamishiwa hapa nilifurahi, nikasema nitapumzika, mbali na watu. Mtu wa gesi akifika hapigi hodi, anapiga simu: niko nje. Mwenzangu wa ofisini aliyeniletea funguo alipiga simu: niko nje. Siku moja niliketi nikahesabu, nikakuta tangu nihamie hakuna aliyesimama mlangoni kwangu akasema neno hodi. Hata mara moja. Nikajiona nimekuwa mtu asiyebishiwa hodi, na nikaogopa kwamba nitazeeka hivyo.

Wiki hiyohiyo nikalitafuta gemu. Lipo. Kuna watu wanayahifadhi magemu ya zamani mtandaoni kama wengine wanavyohifadhi stempu, na kuna programu inayoidanganya kompyuta mpya ijione ya zamani. Nikavaa hedifoni ili jirani asisikie mama mzima akicheza gemu, nikaandika yale majina manne, nikafungua daftari pembeni. Muziki ulipoanza nililia kidogo. Ulikuwa muziki mbovu, wa mlio wa saa ya mkononi, na nililia.

Ramani zangu zilikuwa sahihi, hilo naomba lijulikane. Mlango wa kwanza nikausogelea, na kabla sijabonyeza, mdomo wangu ukasema hodi. Hakuna aliyeitika. Nikapiga mara tatu, nikasimama kama mjinga, halafu nikaingia bila karibu, kwa sababu vinginevyo ningekaa nje ya gemu zima.

Nilipofika kwa mama wa mikate nikamsogelea, maneno yakatokea, na safari hii nikayasoma mwenyewe. Nikayasoma tena. Alikuwa anasema: mkate ulio kabatini msiuguse, nimemwekea mwanangu, akirudi atakuwa na njaa.

Nilivua hedifoni. Miaka yote ile tulikuwa tunamlia yule mama mkate wa mwanawe mbele ya macho yake, naye anatukataza, na bibi anamwombea dua ya shukrani. Nilicheka kwanza. Kisha kicheko kikakatika. Nikapiga picha ya kioo, nikamtumia kaka, nikamwandikia: "Umeona ulichotufanyia?"

Kaka yuko Mwanza, ana familia, ana cheo. Jibu lilikuja baada ya siku mbili. "Hii ni nini?" Nikamweleza kwa kirefu, mpaka ukili na kitambaa cha kufuma. Akaandika, "Sikumbuki kabisa, dada. Niko kikaoni." Sikumkasirikia. Afadhali ningemkasirikia. Lakini maneno yake yalinifanya nijione nimebaki peke yangu kwenye ile sebule.

Basi nikaamua nimtafute huyo mwana. Nilifanya hivyo wiki nne, kila nilipotoka kazini. Kila mlango nilisema hodi, na kila mwenye nyumba nikamsoma neno kwa neno, tofauti na tulivyofanya utotoni. Nikapita kisiwa cha kusini ambacho hatukuwahi kukifikia, nikachora ramani zake kwenye kurasa zilizobaki. Mfalme nilimpata bila kutaka, akanishukuru, nyota zikarukaruka kwenye kioo, gemu likaniambia nimeshinda. Mwana wa mama wa mikate hakuwemo. Nikauliza kwenye mtandao wa wale wahifadhi, na mmoja akanijibu kwa upole kwamba huyo mwana hakuwahi kutengenezwa. Ni sentensi tu. Waliiandika ili mchezaji aone haya kuuchukua mkate.

Hiyo ilikuwa Ijumaa. Jumapili alasiri hedifoni ilikuwa imeshakufa, sikio la kushoto lilikufa mwanzo wa wiki na la kulia likalifuata, kwa hiyo nikazima muziki, nikacheza kimyakimya. Kucheza si neno lake. Sikuwa na kazi tena mle ndani. Niliwachukua wale wanne kutoka ikulu nikawatembeza mji mzima, nikawasimamisha mbele ya nyumba ya mwisho, karibu na kisima. Nilitaka kumwona tu. Sikutaka mkate.

"Hodi," nikasema.

"Karibu."

Sitasema uongo kwamba sikumfikiria bibi. Nilimfikiria, na kwa pumzi moja niliamini kabisa. Kisha nikatambua kwamba cherehani ya upande wa pili imenyamaza.

"Karibu, pita," jirani akasema, juu ya ukuta, na nikasikia komeo lake likivutwa.

Nilikaa bila kutikisika. Kujikausha nakujua. Ningenyamaza dakika moja, yule mama angetoka nje, angeona hakuna mtu, angesema masikio yake yameanza kuzeeka, angefunga. Kesho ningempa shikamoo yangu ya kupita. Mkono wangu ulikuwa bado juu ya kibodi. Lakini nilikuwa nimeitikiwa, na hilo nilifundishwa kabla sijajua Kiingereza: ukishaitikiwa, huondoki. Nikainuka. Sikusevu kitu. Nikatoka pekupeku hadi mlangoni kwake, hatua kama sita, na nikapiga hodi tena kwa sababu ile ya kwanza haikuwa yake.

Alikuwa ameshika pazia la mlango kwa mkono mmoja, miwani imepandishwa kwenye paji la uso, uzi mweupe umemganda begani. Alinitazama miguu, kisha uso.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Leo umekuja."

Sikumwelewa. Akasogea ili nipite, akaendelea kusema taratibu, bila lawama, kama mtu anayeeleza gauni linavyobana.

"Siku nyingi nakusikia unapiga hodi, naitika, huji. Mara ya kwanza nilitoa mpaka kiti, nikasubiri, nikakirudisha ndani. Halafu nikasikia tena, na tena. Nikaitika zote. Nikasema labda siye mimi anayeitwa, lakini hodi ikipigwa nami nipo, nitaachaje kuitika?"

Wiki nne. Nyumba ngapi zile, milango mingapi, nimevaa hedifoni, nimeziba masikio yangu kwa mikono yangu mwenyewe. Nilitaka kumweleza yote, gemu na bibi na mkate na mwana asiyekuwepo, nikakosa pa kuanzia.

"Nisamehe, mama," nikasema. "Sikuwa nasikia."