Lori la Kolera

Siku yangu ya kwanza katika kambi ya jeshi ya Uvira, mganga mkuu wetu, kapteni, alinikabidhi pampu ya kupulizia klore, dawa ya kuua vijidudu vya kolera. Akasema: "Hapa adui haonekani, lakini ni vita ileile." Nilikuwa muuguzi, mwanamke peke yangu kikosini. Nikamwamini.

Kolera ilizidi kila mabomba yalipokauka na watu kurudi kuteka maji ziwani. Tulipulizia nyumba, tukatundika seromu, yale maji ya mshipani yanayomrudisha mgonjwa aliyekaukiwa. Huko mtaa wa Mulongwe akina mama walitufungulia milango wenyewe. Kisha akaja komanda mpya. Aliona wagonjwa wanachelewa kufika kwetu, akaagiza wafuatwe kwa lori, wenye bunduki wakitangulia.

"Komanda," nilimwambia, "watu watawaficha wagonjwa. Niruhusu niende peke yangu, bila gwanda."

"Ajida," akanijibu kwa cheo changu, "jeshi halibishi hodi."

Kule Makobola, kijiji cha kando ya ziwa, tulimkuta mvuvi mmoja, Byamungu, amesimama mlangoni. Mke wake alikuwa ndani, nilimsikia akitapika. Byamungu alinitazama, halafu akawatazama askari walionitangulia.

"Mama, weye iko na dawa ao iko na bunduki?"

"Miye iko na dawa."

"Basi hawa waende."

Nilimwomba sajini awarudishe watu wake barabarani. Akasema amri si yake. Tulipokuwa tukibishana, Byamungu akaingia ndani, akamtoa mkewe kwa mlango wa nyuma, akamlaza mtumbwini na kupiga kasia. Nilikimbia hadi ufukweni, seromu mkononi, nikimwita. Hakugeuka. Mama yule alifia mtumbwini jua likingali juu.

Kwenye gwaride komanda alitangaza kwamba Makobola haina mgonjwa hata mmoja. Wakubwa wakampandisha cheo.

Sasa nimestaafu. Ninyi vijana mnaopewa dawa na bunduki kwa pamoja, msidhani watu watasahau kipi kilitangulia mlangoni.

Byamungu alihamia Mulongwe, nyumba ya tatu kutoka kwangu. Tunasalimiana vizuri. Anajua bado ninatunza wagonjwa nyumbani. Majuzi binti yake alishikwa na kolera. Akapita mbele ya mlango wangu uliokuwa wazi, amembeba mgongoni, mpaka zahanati ya mapadri, mbali kule. Binti alipona. Baba mtu hajaniambia kwamba mtoto aliugua.