Nyumba Iliyokatwa Huku Mikate Inaiva

Boke alikuwa hajawahi kukata nyumba. Kujenga, ndiyo: alijenga nyumba kumi na tisa Nyakato, mbili Suguti, na choo cha kanisa ambacho hakihesabiwi kwa sababu alikijenga bure. Lakini kuchukua nyumba ambayo mtu anaitumia, ukaondoa mita tatu za mbele, nyuma ikabaki imesimama, hilo lilikuwa jipya. Ndiyo maana siku aliyomwambia Mzee Abdulsalam, mwoka mikate, kwamba ataikata ya kwake, tena tanuri lisizimwe hata siku moja, mafundi waliokuwa wanakunywa chai pale dukani walicheka mpaka mmoja akajimwagia.

"Muandike tarehe," alisema Wenceslaus, fundi mrefu anayetembea na pima maji mfukoni hata Jumapili. "Tutakuja kuchimbua mikate chini ya matofali."

"Utakuja kununua," Boke alimjibu. "Na utapanga foleni kama wengine."

Barabara ya Nyakato ilikuwa nyembamba. Malori mawili yakikutana, moja lilipanda mchangani. Miaka yote hiyo maduka yalikuwa yanaisogelea kidogokidogo. Mtu anaongeza baraza, mwaka unaofuata anaezeka baraza, baadaye anaweka benchi mbele ya baraza. Ikafika mahali mshonaji wa upande huu anamwomba mwenzake wa ng'ambo uzi mweusi bila kupaza sauti.

Halafu ukaja mpango wa kuipanua. Vijana wa vipimo walipita wakaacha X nyekundu kwenye kuta, na chini ya kila X tarakimu: mita zinazotakiwa kuondoka. Kwa Mzee Abdulsalam iliandikwa 3. Mwenye nyumba akijikatia mwenyewe kabla ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi, sawa, katapila litazoa kipande hicho tu. Akichelewa, katapila litamsaidia.

Msaada wa katapila watu walishauona kule barabara ilikoanzia. Linavuta ukuta wa mbele, ukuta wa mbele unavuta kuta za pembeni, na za pembeni zinavuta chumba cha nyuma. Nyumba za zamani za tofali na udongo zimeshikana kama watu wanaovuka mto. Na kwa Mzee Abdulsalam, nyuma ya duka tu, ndipo lilipo tanuri alilojenga marehemu baba yake. Tanuri la namna ile likipata ufa limekwisha. Joto linatorokea kwenye ufa, mikate inaungua upande mmoja na upande wa pili inabaki mbichi. Mzee hakuwa na kazi nyingine. Alishasema wazi kwamba hajengi lingine, mikono hiyo hana tena.

Boke alijua matofali kabla hajajua kusoma vizuri. Baba yake alikuwa anachoma matofali Butiama, na binti alijifunza kuligonga tofali kwa kucha akasikia kama limeiva. Shule aliishia darasa la tano. Alibeba zege miaka minne kama saidia fundi kabla mtu hajampa mwiko ashike, na miaka hiyo, kwa kuwa hakuna aliyemfundisha, alikuwa anaangalia. Mpaka leo anaanza kazi hivyo. Siku mbili nzima alikaa mbele ya duka la Mzee Abdulsalam bila kugusa kitu, anakula skonzi na kutazama ukuta.

"Mama, utanimalizia skonzi," mzee alisema.

"Niko kazini, mzee wangu."

"Kazi hiyo hata mimi naiweza."

Siku ya tatu Boke alipangusa mikono, akasimama. "Tunajenga kwanza," alisema. "Kubomoa baadaye."

Akaanza kujenga ukuta mpya ndani ya duka. Ukuta kamili, wenye mlango, dirisha na linta, mita tatu kutoka ukuta wa zamani. Wateja wakawa wanaingia mlango wanaoujua, wanapita kivulini hatua nne, wanakuta duka lingine linawatazama.

"Mzee Abdulsalam, umeongeza mke wa pili?" mwanamke mmoja aliuliza. "Mbona nyumba ndani ya nyumba?"

"Wa kwanza mwenyewe ananishinda," mzee alijibu, akamfungia mikate yake.

Ukuta ulipokauka, Boke alipanga mirunda, zile nguzo za mikaratusi, chini ya kenchi za paa ili lisilale. Kisha akashika tindo na nyundo, akapanda juu, akaanza kuzikata zile kuta mbili za pembeni, mbele kidogo ya ukuta mpya, kutoka darini kushuka mpaka msingi. Alitoa nafasi ya upana wa kiganja, kulia na kushoto. Paa nalo akalikata, akaacha bati lipite ukuta mpya kidogo. Jumatano jioni alishuka akapitisha mkono kwenye ule mwanya mwanzo mpaka mwisho. Mbele haikushika nyuma tena popote.

Alhamisi akaja Hezron, msimamizi wa upande wa mkandarasi, na tepu yake. Alipima, akaandika, akapima tena.

"Ukuta uko sawa," alisema.

"Najua."

"Ila bati lako linachungulia barabarani. Na ngazi utaweka wapi?"

"Ngazi gani?"

"Barabara inachimbwa, mama. Itashuka nusu mita. Wateja wataruka kama mbuzi? Ukiziweka nje ziko kwenye hifadhi ya barabara, na mimi nang'oa."

Boke alikuwa amepima nyumba kama kila mtu anavyopima nyumba, kwa ukuta. Barabara ilikuwa inahesabu pia mahali maji ya bati yanapodondokea na mahali mguu unapokanyaga.

"Si nilisema!" Wenceslaus alikuwa amesimama mlangoni muda wote. "Bomoa, urudi nyuma."

Kurudi nyuma ni kuegemea tanuri. Mzee Abdulsalam aliingia ndani akaongeza kuni, na Boke alitamani angalau angemgombeza.

Boke akakaa kwenye kizingiti cha zamani, akaangalia miguu ya watu. Miguu inaingia, inasimama, inageuka, inatoka. Alikaa mpaka Wenceslaus akachoka kusimama.

"Hivi huyu anaonaga nini?" aliuliza.

"Naona mtu anaingia kwanza," Boke alisema, "halafu ndiyo anapanda. Ngazi zitaingia ndani."

Ijumaa alfajiri alivunja sakafu ya duka pale mlangoni, akachimba mpaka usawa wa barabara mpya, akajenga ngazi tatu kwa ndani. Bati alilikata likalingana na ukuta, kisha akaupandisha ukuta kozi nne za matofali juu yake na kuficha nyuma mfereji wa kupeleka maji uani. Saa nne akasikia mwiko mwingine unagonga. Ni Wenceslaus.

"Sijaja kukusaidia," alisema. "Nimekuja kuona unavyokosea."

Alipanga matofali mpaka jua likazama, na yalikuwa yamenyooka.

Jumamosi saa mbili asubuhi katapila lilisimama mbele ya duka. Hezron aliwatoa watu wote, akawapeleka ng'ambo.

"Mzee, ndani kuna kitu?"

"Kuna skonzi. Dakika ishirini."

"Mzee!"

"Mtu hayumo, ni skonzi tu. Nyumba imeshakatwa, bwana. Vuta."

Boke alisogea ubavuni, anapouona ule mwanya vizuri. Katapila lilinyoosha mkono, likauma baraza, likavuta. Ukuta wa mbele ulienda wote kwa mara moja, pamoja na X yake, vumbi likapanda mpaka kwenye nyaya. Lilipotua, duka lilikuwa limesimama na uso mpya, mlango umefungwa kwa kufuli, kama halijasikia chochote. Kilidondoka kipande kimoja cha lipu, kidogo kama sahani ya chai.

Mzee Abdulsalam alizungukia uani bila kumngoja mtu. Akakaa huko kitambo. Aliporudi alibeba sinia kwa mikono miwili, akamfikia Boke, akaichukua skonzi moja na kuipasua mbele ya watu.

"Zimeiva pande zote," alisema.

Nyakato siku hizi ni pana. Jua linapiga milango moja kwa moja, na mshonaji akitaka uzi mweusi wa ng'ambo anapiga simu. Wapo wanaoilalamikia, wana haki. Lakini nenda ukahesabu nyumba zilizobaki na uso ulionyooka na ngazi kwa ndani: ziko kumi na moja, na zote ni za mkono mmoja. Nne za mwisho Wenceslaus ndiye alikuwa anapandisha kozi, na Boke ndiye alikuwa anamkagua.

Juzi Boke alipigiwa simu na mtu asiyemjua, kutoka Bunda.

"Samahani, naongea na yule fundi wa kukata nyumba?"

"Ndiye mimi."

"Huku kwetu wameshaweka alama, na mafundi wameanza kubomoa mbele..."

"Waambie washuke," Boke alisema, na tayari alikuwa anatafuta viatu. "Wasiguse tofali lingine mpaka nifike."