Siku Moyo Yangu Ilienda Polepole

Ilikuwa ule mwaka siye wote hapa Bunia tulikula makayabo, ile samaki ya chumvi, hata ku Noeli, juu samaki ya ziwa haikukuwa inapita tena barabarani. Mimi nilikuwa ninakamua ng'ombe zangu mwenyewe. Wajukuu walikuwa wanapumuzika njiani na bido, madumu ya maji, mimi hapana.

Asubui moja ng'ombe ilinisukuma, nikagonga kichwa ku nguzo ya lupango, ule ua ya ng'ombe. Damu haikutoka. Nikasimama, nikamaliza kukamua.

Wiki zikapita. Kichwa ikaanza kuuma, zaidi asubui. Nilitapika mupaka ku ukuta. Usingizi ikanikamata kama mulevi. Ku nyumba walinipa dawa ya malaria, nikatapika nayo.

Yenye inafuata walinisimulia kisha. Wamama wa maombi wa kanisa walinizunguka. Dorika, muke ya mutoto wangu, akanishika mukono, akasikia mushipa inapiga polepole. Akasema: "Muone, moyo ya mama imetulia. Muache alale." Wakaimba polepole juu wasiniamushe.

Binti yangu Furaha akaingia. "Mama anakoroma namna gani hii? Anapumua, anaacha, anapumua tena. Mulete moto, ile pikipiki, tumupeleke hospitali."

Ku hospitali infirmiye, yule muuguzi, akanipima. "Tansyo, presha ya damu, iko juu sana."

"Tuko na vidonge ya tansyo ya jirani," Dorika akasema.

"Vidonge hapana. Tansyo inapanda, moyo inaenda polepole, pumuzi inakatika. Ni kichwa inafinywa ndani. Angalia, mboni ya jicho moja imefunguka kupita ingine."

Walininyoa kama mutoto wa shule. Dokta akatoboa mufupa ya kichwa, damu nyeusi ikatoka kama mafuta ya moteri. Nilipoamuka niliuliza: "Nani alikamua?" Furaha akacheka, akalia.

Ninashukuru Mungu, ninashukuru ile mikono ya Furaha na ya dokta. Na weye unanisoma, sikia: mutu akigonga kichwa, hata kama ni zamani, kisha anatapika, analala ovyo, moyo inapunguza mwendo, usimwache alale. Mupeleke.

Juzi ku kanisa mukubwa wa wale wamama wa maombi akanivuta pembeni, akaniita Koko, ni kusema bibi muzee. "Koko, ku ushuhuda useme maombi ilituliza moyo yako. Watu watapata imani."

"Ile haikukuwa amani, ilikuwa kufa. Sitasema ingine."

"Koko, kidogo tu. Wageni wako hapa leo."

Nikapanda mbele, nikakamata mikro ya kusemea, nikawaangalia wote, Dorika pia.

"Ile haikukuwa amani, ilikuwa kufa. Sitasema ingine."