Makalio ya Jiwe na Kiatu cha Babu

Hapa kwetu Bretania mvua haiombwi ije, inaombwa iende. Na kijijini kwetu mawingu yakijikusanya, wa kwanza kutazama juu, kabla hata ya kuku, ni Lomig mwezeka mapaa. Nyumba yake imeinamia kikanisa cha Mtakatifu Riwal, uchochoro tu kati yao, kama mlevi anayemwinamia mkewe.

Lomig ndiye mwenye ufunguo wa kikanisa. Na mdomo anao. Mgeni akitokea tu, anamburuta mpaka barazani, kwenye Mitume waliochongwa kwa jiwe laini la manjano. "Huyu Petro, mshike ndevu! Mshike, haumi! Mchongaji alizitoa udevu mmoja mmoja. Kinyozi wangu mimi hajawahi kunihurumia hivyo."

Kisha anamtoa nje amwonyeshe "yule bwana". Yule bwana ni jitu la jiwe lililochuchumaa pembeni mwa paa, suruali magotini, makalio wazi, yameelekea nyumba ya Lomig sawasawa. Wajenzi wa zamani walitaka maji ya paa yatokee hapo. Walikuwa watu wa mzaha kama sisi. Lakini tangu Lomig azaliwe, hapo hapajatoka hata tone.

"Amefunga choo," husema Lomig, na wageni hucheka mpaka wakasahau kofia.

Mwaka mmoja akaja Bwana Delmas, wa ofisi ya majengo ya kale. Akapapasa ukuta wa baraza, akanusa kidole. Mitume walikuwa wameota ukungu wa kijani mpaka kiunoni, maana maji ya paa, kwa kukosa pa kutokea, yalikuwa yakiteremkia ndani ya ukuta.

"Nani atalizibua lile jitu kabla ya sikukuu ya mtakatifu?"

"Unauliza na mimi nimesimama hapa?" akasema Lomig.

Basi siku ya sikukuu, watu wamejaa na bendera zao, wapiga zumari wamevimba mashavu, Lomig akapanda ngazi na ndoano ya chuma. Akachokoa udongo, akachokoa nyasi, akachokoa kiota cha ndege. Mwisho kikachomoka kiatu cha mti, cha mguu wa kushoto. Akakiinua juu kama padri na kikombe.

"Hongera, mkunga!" akapiga kelele Tangi, jirani yake, muuza pombe ya matofaa. "Wa kiume au wa kike?"

Maharit, mke wa Lomig, ndiye aliyekuwa ameshika ngazi. Akakipokea kiatu, akakigeuza. Kisiginoni pana alama ya moto, msalaba wenye mkia, ile ile iliyo kwenye kila jembe la nyumba yao.

"Lomig, hiki cha babu yako."

"Babu alikuwa na viatu vingi."

"Alikuwa na viwili. Cha kulia kinaning'inia juu ya meko yetu mpaka leo. Ndiye aliyeliziba lile jitu, na wewe unacheka!"

Hakucheka muda mrefu. Mvua ilishuka kabla zumari hazijanyamaza, na yule bwana akafunguka. Mungu wangu, alivyofunguka! Maji yaliruka uchochoro, yakaugonga ukuta wa Lomig palepale penye kitanda. Ukuta wenyewe ni mawe na udongo, na udongo ukishalowa unakuwa uji. Kitanda nacho ni kile cha kabati, kimejengewa ukutani, hakisogei, na nyumba ni chumba kimoja. Majani ya miti yalipoanza kudondoka, blanketi lilikuwa limeota ukungu, na kifua cha Maharit, ambacho tangu mwaka wa nyuma kilikuwa kikilia filimbi, sasa kikawa bendi nzima.

Lomig akamfuata Bwana Delmas mjini. Akapewa kiti, na hapo akajua mambo ni mabaya.

"Mzee wangu, kisheria lile jitu haligeuzwi. Ukuta ule haupigwi hata msumari. Na ukiliziba, Mitume wanakufa."

"Na mke wangu?"

Bwana Delmas akatazama kofia yake. "Hamwezi kuhama?"

"Tuhamie wapi, ndani ya hiyo kofia?"

Kilabuni kwa Tangi walimngoja kila mvua ikikatika. "Lomig, yule bwana jana kala nini?" Zamani angejibu mpaka watu washike mbavu. Siku hizo alikuwa akimaliza bilauri yake, anaondoka.

Asubuhi moja Maharit alikohoa mpaka akaishika meza asianguke. Lomig akachukua kiatu cha babu na ndoo ya udongo, akapanda, akaliziba jitu lile kama lilivyozibwa mwanzo.

Nyumba ikaanza kukauka. Maharit akarudi kwenye kikaango, anageuza chapati zake za ngano nyeusi huku anaimba, ingawa wimbo alikuwa anaukata katikati avute pumzi. Lomig akapata tena mdomo wake.

Jumapili moja akampeleka mgeni barazani. "Huyu Petro, mshike ndevu!"

Mgeni akashika. Ndevu zikabaki mkononi mwake.

Maskini mgeni, aliomba radhi kama aliyeua mtu. Ukutani, nyuma ya kidevu kilichobaki, maji yalikuwa yanachuruzika. Lomig akazipokea zile ndevu, akazitia mfukoni, akaenda kuchukua ngazi na ndoano.

Alipofika katikati ya ngazi mvua ikaanza. Ndani ya nyumba Maharit akakohoa. Lomig akasimama. Barazani, chini yake, tone likaanguka, na jingine, kwa Mitume.

Tangi akapita na toroli lake. "Wewe, unapanda au unashuka?"

Lomig akautafuta mzaha. Maisha yake yote alipoutafuta aliupata. Safari hii haukuja.

Tangi akangoja. Kisha akaliacha toroli, akaja akaishika ngazi. Lomig akabaki palepale, mkono mmoja kwenye ngazi, mwingine mfukoni kwenye ndevu za Petro, mvua inamwingia shingoni, na yale makalio yamemkodolea usoni.