Kidari Ndani ya Hoho

Mimi sikuzaliwa mpole, na yeyote anayesema uzee umenipoza hajanikuta kwenye foleni ya maji. Ila siku ile ya hoho, niape kwa lipi, moyo wangu ulikuwa mweupe pe. Nilitaka kumlisha mzee aliyeishiwa meno, basi.

Tulikuwa tunakaa Bunda, katika nyumba ya serikali yenye bati, mume wangu akiwa bwana shamba wa pamba. Uhuru ulikuwa umeshazoeleka, watu wameanza kuitana ndugu, na yeye kila wiki yuko vijijini na baiskeli yake akiwahimiza watu walime pamoja. Alikuwa akirudi na vumbi mpaka kwenye kope. Mimi nilitokea Musoma mjini, Iringo, baba yangu karani wa bandarini, nikasomeshwa na wamisionari mpaka darasa la nane. Somo langu lilikuwa sayansi kimu. Wenzangu walikuwa wakilalamika juu ya kushona vitambaa, mimi nawaza jiko tu. Huko ndiko nilikojifunza hoho za kujaza nyama.

Kabla ya kunioa, huyu bwana aliapa mbele ya mama yangu kwamba hatanipiga kamwe. Alisema kupiga mke ni ushamba, na yeye ni mtu aliyesoma. Na kweli, miaka minne hakunigusa hata kwa kidole. Tulikuwa na binti mmoja wa miaka mitatu, amenigandama kama kupe, nikienda chooni anasimama mlangoni analia. Ng'ombe wa mahari walikuwa wameshatolewa wote. Kwa hiyo nilijua kile ambacho kila mwanamke wa huku anakijua bila kuambiwa: siku nikiondoka kwa mume, naondoka na kanga zangu. Mtoto anabaki kwao.

Baba mkwe wangu alifariki mwaka huo. Kwao ni upande wa Butiama. Wakabaki ndugu zake wawili, baba mkubwa na baba mdogo, na hao wakaanza kugombania nani atakuwa mkubwa wa ukoo. Maneno yalikuwa makali, karibu washikiane mapanga. Mwishowe wazee wakaamua ni baba mkubwa, na wakasema mkutano wa kulimaliza jambo hilo ufanyike kwetu Bunda, kwa sababu sisi tulikuwa na sebule na viti. Dume la ng'ombe likachinjwa kule kijijini. Jioni yake shemeji yangu mmoja akashuka kwenye basi na kidari kizima kimefungwa majani ya mgomba.

"Shemeji, hiki cha baba mkubwa," akasema. "Kesho mpikie."

Akanywa maji, akaondoka. Mpikie! Hakusema mpikie vipi. Mume wangu alikuwa vijijini, akarudi asubuhi wageni wakiwa njiani, akaoga, akavaa, wala jikoni hakuchungulia. Wanasema kuuliza si ujinga. Sawa, lakini nani angejua kuna cha kuuliza? Nyama ni nyama.

Nikakitazama kile kidari. Dume zee, mafuta na mishipa, nyama ngumu kama kandambili. Nikamfikiria baba mkubwa na ufizi wake, kabaki na meno matatu ya mbele yanayocheza. Nikasema moyoni, huyu mzee amenipenda tangu siku ya kwanza, leo na mimi nimtunze. Hoho zilikuwepo nyuma ya nyumba, mume wangu alikuwa amezipanda kwa kujaribu mbegu. Nikachuma zile pana zinazoweza kusimama zenyewe, kumi na nne. Nikakata vichwa, nikatoa mbegu, vifuniko vyake nikaviweka pembeni. Mashine ya kusagia nyama sikuwa nayo. Nikakaa kwenye kigoda na kisu na ubao, nikaikatakata ile nyama mpaka mkono ukafa ganzi, ikawa laini kama ya kusaga. Nikaikaanga na kitunguu, nyanya na bizari kidogo, nikachanganya na wali ulioiva nusu. Nikazijaza, nikazifunika kila moja na kifuniko chake.

Tanuri nani alikuwa nalo? Unachukua sufuria kubwa, unamwaga mchanga chini, ndani yake unaweka sufuria ndogo yenye hoho. Unafunika kwa mfuniko wa bati, unapalia makaa juu, moto chini na moto juu. Saa nzima hivi. Harufu ilivuka ua mpaka kwa balozi wetu wa nyumba kumi, jirani, na mbwa wake akaja kukaa mlangoni. Nikamtupia mifupa. Jamani, nilikuwa naimba!

Wageni walikaa sebuleni wote, wazee kumi na wawili, na mume wangu. Baba mdogo alikuwa amekaa karibu na mlango, kwa hiyo sahani ya kwanza nikampa yeye. Akala palepale, akaramba vidole. Nikazunguka nikigawa. Baba mkubwa nikamwekea mbili, kwa heshima yake. Mzee alikuwa ameshachomoa kisu kwenye ala, amekiweka kwenye goti.

"Hii ni nini?"

"Ni hoho, baba. Za kujaza."

"Hoho naiona. Kidari changu kiko wapi?"

"Kimo humo ndani, baba," nikasema, nimepiga magoti, natabasamu kama mjinga. "Nimekikata laini usipate taabu."

Baba mdogo akaacha kutafuna. Halafu akacheka, akacheka mpaka akajipiga paja. "Ebo! Basi tumekula wote! Leo sote ni wakubwa, na mimi nimetangulia!"

Nilikuja kuelezwa baadaye, nikiwa nimelala kifudifudi nakandwa mgongo. Kwao, kidari cha dume lile huletwa kizima. Mkubwa mpya hukikata mwenyewe, kwa kisu chake, watu wote wakiona, akala kipande cha kwanza. Hapo ndipo anakuwa mkubwa. Mimi nilikuwa nimeuchukua ukubwa wa mzee, nikaukatakata, nikaugawa sahani kwa sahani, nikaanza na adui yake.

Baba mkubwa akauliza, "Na mifupa?"

"Nimempa mbwa wa balozi."

Sahani ikapasuka ukutani, juu kidogo ya kichwa changu. Mzee akasimama, na hakunitazama mimi. Alimtazama mume wangu.

"Mwanangu, umemtuma wewe? Umeshikana na mdogo wangu?"

"Hapana, baba! Mimi sijui chochote!"

"Kama hukumtuma, tuonyeshe."

Akamnyoshea fimbo yake ya kutembelea. Mume wangu akainuka polepole. Aliponisogelea nikaona macho yake yananiomba radhi, na hilo lilinikasirisha kuliko fimbo yenyewe. Kama unajua ni makosa, mbona unainua mkono? Fimbo ya kwanza ikanipata begani, ya pili mgongoni. Nikamwambia, "Wewe si uliapa?" Ya tatu ikanipata mdomoni. Nikatema jino kwenye kanga.

Nikakimbilia uani. Akanifuata, na wazee nyuma yake, wengine na hoho zao mkononi, Mungu anisamehe lakini ndivyo ilivyokuwa. Sufuria ilikuwa bado mekoni, mfuniko umejaa makaa mekundu. Nikaushika kwa kanga pande mbili, nikamrushia. Makaa yakampata kifuani na mkononi, shati likashika moto, akapiga ukelele. Hasira hasara: wakati narusha sikuona kwamba binti yangu alikuwa ametoka chumbani anakuja kwangu. Kaa moja likamwangukia juu ya mguu.

Mayowe ya mtoto ndiyo yaliyomfanya mume wangu aache kuigiza. Mpaka pale alikuwa ananipiga kwa ajili ya wazee. Sasa akanipiga kwa ajili yake. Fimbo ikavunjika, akatumia viatu. Nilisikia ubavu ukilia. Niling'ata mguu wake mpaka nikaonja damu, yake au yangu sijui. Balozi akatokea, akatazama juu ya ua, akaona ni wazee watupu, akasema, "Haya ni mambo ya ndani, yamalizeni wenyewe." Akarudi kwake. Balozi wa nyumba kumi, huyo! Mwenye mbwa!

Walipotutenganisha, baba mkubwa aliketi kwenye kigoda changu cha kupikia akatoa hukumu.

"Kesho arudishwe kwao Musoma. Mtoto anabaki. Mama anayemchoma mwanae moto si mama."

Nilimtazama mtoto. Shangazi yake mmoja, aliyefuatana na wazee akakaa na mtoto chumbani, alikuwa ameshamweka mgongoni, anamfunga kanga, kana kwamba nimeshaondoka. Mimi niliyekuwaga simwinamii mtu, mimi niliyefukuzwa darasani mara mbili kwa kumjibu mwalimu, nikatambaa mchangani mpaka kwenye miguu ya yule mzee. Nikashika kandambili zake. Nikasema, "Baba, nimekosa. Nipige wewe, wanipige wote, lakini mtoto usinichukulie."

Mzee akasema sharti lake. Mume wangu atoe dume lingine. Nikapike kidari kizima kule kijijini, mbele ya watu. Na kabla sijakipakua, mume wangu anichape fimbo sita hadharani, ili vinywa vilivyokula vifungwe.

Wiki mbili baadaye nikaenda upande wa Butiama na ubavu wangu umefungwa kitambaa. Nikapika. Nikalala kifudifudi kwenye ngozi ya ng'ombe, ua mzima umejaa watu. Fimbo ya kwanza mume wangu alipiga polepole. Baba mkubwa akasema, "Hiyo haihesabiki." Kwa hiyo nilichapwa saba. Sikulia. Nilimtafuta binti yangu kwa macho, nikamwona amebebwa, mguu una kitambaa, ananitazama tu. Nikamkonyeza, ili aone mama yake yupo.

Kisha mzee akakata kidari chake kwa kisu chake. Akaweka kipande mdomoni, akakimumunya, akakimumunya, watu wakapiga vigelegele. Halafu akakitema kiganjani kwa siri na kukitupa nyuma yake. Hakuna aliyeona ila mimi niliyekuwa bado nimelala chini.

Nilirudi Bunda na mtoto wangu. Nilishinda, au ndivyo nilivyojiambia. Lakini mume wangu alikuwa ameshaonja. Mtu akishakupiga siku moja na dunia isianguke, siku ya pili haoni taabu. Akanipiga kwa chai iliyopoa. Akanipiga mwaka ule watu walipohamishiwa vijiji vipya, wakubwa wake wakimfokea mchana, yeye ananigeuzia mimi jioni. Akanipiga mvua iliponyeshea pamba, kana kwamba mawingu niliyaita mimi. Na mimi sikukaa kimya, thubutu! Nilimpiga kwa mwiko, kwa mchi, kwa ndoo. Siku moja nilimvunja kidole kwa mlango, nikafurahi wiki nzima. Tulikuwa tukipigana Jumamosi kama wengine wanavyokwenda mnadani. Ndugu zangu Musoma walinitumia ujumbe, rudi nyumbani. Nikawajibu nitarudi na mwanangu au sirudi.

Nilikaa miaka kumi na nne. Binti yangu akapanda darasa kwa darasa, mimi nahesabu. Siku alipopata nafasi ya chuo cha ualimu, nikamsindikiza mpaka kwenye basi, nikarudi ndani, nikafunga kanga zangu, nikaja hapa Nyakato kupanga chumba. Mume wangu hakunifuata. Nilikuwa na meno machache na bega lisilopanda juu, lakini sikumwacha mtoto. Hilo nimelisema harusini, nimelisema msibani, nimelisema kanisani mbele ya akina mama. Wengine wamelia.

Mwaka jana binti yangu alikuja kunitembelea, sasa ni mwalimu mkuu, ana wajukuu wangu wawili. Tulikuwa tunakunywa chai. Sijui tulifikaje huko, nadhani nilikuwa namsema kwamba haji mara kwa mara. Nikamwambia kama nilivyomwambia maisha yake yote: "Mimi nilikaa mle kwa ajili yako."

Akaweka kikombe chini.

"Mama," akasema, kwa upole kabisa, "mimi nilikuwaga naomba Mungu uondoke. Kila nikilala. Uniache mimi, uondoke, nyumba inyamaze."

Nikampiga kofi. Mtu mzima, mwalimu wa watu, mama wa watoto, nikamzaba kofi la shavu mpaka miwani ikaruka. Hata sikujua kama mkono umeinuka.

Hakushangaa. Hilo ndilo linaloninyima raha mpaka leo, hakushangaa hata kidogo. Hakuinua mkono kujikinga. Aliokota miwani yake, akaigeuza kuangalia kama kioo kimepasuka, akaivaa. Kisha akaniuliza kama chai nyingine ipo.