Kaka Hana Kansa

Mara ya kwanza familia balinificha. Docta aliita kaka yangu mukubwa pembeni, akamwambia ni kansa, iko kule chini kabisa, mahali utumbo unaishia. Kaka akarudi na uso wa kanisa, akaniambia ni bawasiri. Kwetu njo desturi: mugonjwa anasikia wa mwisho, asivunjike roho. Nikalala kwa operesheni ya bawasiri, nikaamuka na mufuko wa choo umebandikwa kwenye tumbo. Hasira ile ningali nayo.

Donc mwaka uliofuata, siku ya skaneri ya kuangalia kama ugonjwa umerudi, sikuaga mutu. Nilifunga duka langu la bitenge hapa Beu, mutaa wa Beni, nikapanda gari la Butembo, picha za zamani chini ya kwapa. Tumbo halikuniuma. Nilikuwa nimenenepa hata. Mais kansa haipigi hodi.

Docta wa picha alitazama nyuma yangu, akitafuta mwingine.

"Mama, uko na nani?"

"Niko na mimi."

"Uite hata kaka. Tutamwelezea yeye."

"Kaka hana kansa. Tumbo ni langu, na kwa hii kiti sitatoka. Unionyeshe."

Akakuna kichwa, kisha akanigeuzia ekrani ya kompyuta. Picha za mwaka jana aliziweka upande mumoja, za leo upande wa pili. Akanionyesha kovu la operesheni, karibu na mufupa wa mukia. Kando yake kulikuwa kitu cha mviringo, kadogo kama punje ya maharagwe.

"Si kovu tu?" nikauliza.

"Mwaka jana hapa hapakuwa kitu, mama. Nafikiri imerudi. Lazima bachukue kipande, bapime. Mais ingali ndogo, umekuja mapema."

Niliogopa. Sitadanganya. Lakini ile woga ilikuwa yangu, hakuna aliyenichagulia.

Niliporudi Beni, nikakusanya familia kwenye salon ya nyumba. Kaka alipoona bahasha ya picha akanyoosha mukono, kama kawaida yake. Nikaikalia.

"Leo mimi njo nabaelezea. Docta anafikiri imerudi. Ingali ndogo. Kesho kutwa naenda kwa docta wa kupasua."

Kaka akalia, mutu mukubwa vile, mbele ya batoto wake. Nikamwacha alie. Mara ya kwanza alilia peke yake, na mimi sikujua.

Kisha nikamwambia: "Kaka, utakuja na mimi. Mais ndani ya bureau ya docta, mwenye kuuliza ni mimi."