Kitanda cha Kuku wa Mama Mkwe

Mama mkwe wangu alikuwa akilala nyumba moja na kuku kumi na saba. Alianza baada ya mwizi kuvunja banda lake la nyuma na kuondoka na mitetea wawili waliokuwa wakiatamia. Siku iliyofuata aliwaingiza wote waliobaki sebuleni, nyumbani kwake nje kidogo ya mji wa Bungoma, wakawa wanalala juu ya migongo ya viti, palepale penye vitambaa alivyofuma kwa mkono wake. Asubuhi alifagia, akapiga deki, akatandika vitambaa vingine. Jioni kuku walirudi vitini.

Haya sikuyaona kwa macho yangu. Sisi Wabukusu, mwanamume haingii ovyo nyumbani kwa mama mkwe wake. Hampi mkono, hamtazami usoni, na wakikutana njiani mmoja humpisha mwenzake. Habari aliniletea mke wangu, siku aliyorudi kwetu Kitale akiwa amekasirika. Alikuwa amempeleka mama yake zahanati kwa sababu ya kikohozi kilichokataa kuisha, na daktari wa pale aliposikia kuhusu kuku alisema waziwazi kwamba lile vumbi la kinyesi ndilo linalomkaba. Kuku watoke nyumbani, la sivyo atakuwa anarudi hapo kila mwezi.

"Na mama amesema nini?" nikauliza.

"Amesema kuku wakitoka, na yeye anatoka."

Nilicheka. Mke wangu hakucheka. Alisimama mlangoni mwa karakana yangu, akaangalia vitanda viwili nilivyokuwa napiga msasa, kisha akaniangalia mimi.

"Si wewe ni fundi?"

Nilikuwa fundi, na sikuwa fundi wa kubabaisha. Nimetengeneza vitanda vya bweni zima la shule kule Kiminini na mimbari ya kanisa moja katika mji wa Kwanza ambayo watu husimama kuishika kabla ya kutoka. Nikamwambia mke wangu ampigie mama yake simu amweleze kwamba namjengea chumba kidogo cha kuku, kikiegemea ukuta wa chumba chake cha kulala, chenye mlango wa bati nzito na kufuli mbili. Mwizi akigusa, atamsikia.

Mama akakubali, kwa sharti kwamba aachiwe tundu ukutani karibu na kichwa cha kitanda chake, ili asikie kuku wakihema. Nikaliacha, nikalifunika kwa wavu, na upande wake nikaweka kifuniko cha mbao cha kufungua na kufunga.

Chumba hakikunisumbua. Kilichonisumbua ni mahali pa kuku kulala, ingawa wakati huo sikujua kwamba kinanisumbua. Nilidhani nimeshamaliza. Nilitengeneza ngazi kubwa ya mbao za saiprasi, vipandio vitano, kimoja juu ya kingine, nikaipigilia misumari imara na kuipaka vanishi. Chini yake niliweka sakafu ya mbao. Wapita njia Kitale waliiuliza bei wakidhani ni ya kupangia viatu dukani. Nikaipakia kwenye pikapu hadi Bungoma, nikaifunga ukutani, majirani wakaja wakatazama, na mimi nikarudi nyumbani nikiwa nimeridhika sana na mikono yangu.

Baada ya kama mwezi mmoja, mama alituma ujumbe kupitia kwa mke wangu. "Mwambie fundi kuku wanashukuru."

Nikamwambia mke wangu, "Umeona sasa?"

"Wewe humjui mama," akasema. "Angekuwa amefurahi, angesema yeye ndiye anashukuru."

Jumamosi iliyofuata nilikuwa na milango ya kupeleka Bungoma, nikaamua kupitia kwake. Niliingia uani nikapiga hodi kwa sauti, kama inavyotakiwa, ili apate nafasi ya kujisitiri. Hakuna aliyejibu. Nikasikia kikohozi. Nilipogeuka kuelekea chumba cha kuku nikaona nyayo mbili zimetokeza mlangoni. Mama mkwe wangu alikuwa amepiga magoti ndani, amejisukuma chini ya ile ngazi yangu hadi mabegani, na alikuwa anakwangua sakafu kwa jembe lililochakaa, huku akikohoa. Nyayo zake zilikuwa zimepasuka visigino, na kidole gumba cha mguu wa kushoto kilikuwa kinatetemeka kila alipovuta jembe.

Niligeuka haraka nikatoka hadi barabarani. Haikuwa halali nimwone vile. Lakini nilikuwa nimeshaona, na hata leo nikifikiria kazi nilizoharibu maishani, ile ya kwanza kunijia ni hiyo.

Nilimpigia mke wangu simu, naye akampigia mama yake, akaniambia nisubiri hadi mama atoke aende kwa jirani. Alipokwenda, nikaingia katika chumba cha kuku na kufanya nilichopaswa kufanya tangu mwanzo, yaani kutazama. Vipandio vya juu vilikuwa vimepakwa kinyesi kidogo tu. Vya chini vilikuwa vimejaa, kwa sababu kila kuku alitaka kulala juu, na walioshindwa walilala chini wakinyewa na wenzao. Mbao za sakafu zilikuwa zimekunywa unyevu hadi zikavimba. Nilipochomoa msumari mmoja kwenye kiungo, wakatoka utitiri, wale wadudu wadogo mithili ya vumbi jekundu, mamia yao, wakatembea juu ya kucha zangu. Kila kiungo nilichokuwa nimekibana vizuri, nikajivunia ubanaji wake, kilikuwa nyumba yao. Hujificha humo mchana, usiku hutoka kunyonya damu ya kuku.

Nilirudi Kitale nikamweleza mke wangu yote, isipokuwa zile nyayo. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Hiyo kitu inasafishwa na nani?" akauliza.

"Si mama?"

"Ulimpima?"

"Nitampimaje mama mkwe wangu?"

Hapo sote tulicheka, na kicheko kile kilinisaidia. Usiku huohuo alimpigia mama yake, wakaongea kwa muda mrefu, na baada ya siku tatu binamu yake aliyekuwa anakuja Kitale sokoni akaniletea fimbo ya mkaratusi iliyokatwa vizuri. Ilikuwa na alama mbili za kisu. Mke wangu alinieleza. Fimbo ikisimamishwa, alama ya chini ilikuwa mwisho wa kuinama kwa mama, chini ya hapo mgongo wake hauendi tena. Alama ya juu ilikuwa kiwiko chake akiwa amesimama. Na urefu wa fimbo yenyewe ulikuwa umbali anaoweza kukwangua bila kunyoosha mwili. Hakuna mteja aliyewahi kunipa vipimo safi kama vile.

Nikaanza upya. Nilijiambia kwamba hiki kitu kitaoshwa kila siku, kwa hiyo kisiwe na mahali pa kujificha uchafu wala mdudu, na kila kipande kitoke kwa mkono bila nyundo.

Mabati huwa nayanunua katika duka la vifaa vya ujenzi mjini, la familia ya Singasinga mmoja mzee ambaye siku hizi huketi tu kwenye kaunta huku mkaza mwanawe akiendesha kazi. Nilimwomba mzee bati laini lisilo na migongo, nikamwambia nitalikata vipande vinne nitengeneze trei.

"Trei ya nini?"

"Ya kudaka mavi ya kuku."

Mzee akavua miwani. "Basi usikate. Ukikata utaunganisha, ukiunganisha utapata kona, na uchafu unapenda kona. Wewe kunja."

Akanipeleka nyuma ya duka, na kwa mashine yao ya kukunjia mifereji tukakunja bati zima, kingo tatu zikapanda juu kwa mviringo, bila pembe kali, upande wa mbele ukabaki wazi. Mkaza mwanawe alikuja kumwita mara mbili kwenye simu, mzee akasema ana kazi. Nilikuwa sijamwona akifurahi hivyo kwa muda mrefu.

Nikatengeneza meza ya mabomba ya chuma yenye urefu wa kati ya alama zile mbili za mama. Juu yake trei inateleza kutoka na kuingia kama mtoto wa meza. Juu ya trei, fito tatu za kulalia, zote kimo kimoja, ili asiwepo wa juu wala wa chini. Fito ni mbao pana kiasi cha kuku kukalia vidole vyake na kuvifunika kwa manyoya kukiwa na baridi, na kingo zake nilizilainisha kwa randa. Sikupiga msumari hata mmoja. Kila ufito unakaa tu ndani ya vishikio viwili vya chuma vilivyo wazi juu, unauinua kwa mikono miwili unatoka. Meza haigusi ukuta popote, na kila mguu unasimama ndani ya kopo lenye oili chafu ya gari, ili utitiri usipande. Kuku wanapanda kwa kingazi chepesi kinachoning'inizwa kwa ndoano.

Safari hii sikukimbilia Bungoma. Niliazima kuku sita kwa jirani, nikawalaza humo kwa wiki nzima nyuma ya karakana, na kila asubuhi nikasafisha mimi mwenyewe kabla ya kushika kazi nyingine. Siku ya pili niligundua kwamba fito ziko karibu mno na trei, kikwanguo kinagonga na kurusha kinyesi. Nikaziinua shubiri moja. Siku ya nne niligundua kwamba bati tupu linashika, lakini likinyunyiziwa jivu jioni, asubuhi kila kitu kinateleza chenyewe kuingia kwenye ndoo. Kufikia siku ya saba nilikuwa namaliza kabla birika halijachemka, na nilijua nimepata.

Tulikwenda pamoja, mke wangu na mimi. Kabla ya kuingiza meza nilipiga sakafu ya saruji yenye mteremko unaoelekeza maji kwenye migomba, tukaiacha ikauke, tukarudi wiki iliyofuata kuiweka meza. Mama alisimama mlangoni mwa jikoni akinipa mgongo, leso imeshuka usoni, na mke wangu akasimama katikati yetu.

"Mwambie fundi iko karibu na mlango sana."

"Mama anasema iko karibu na mlango."

"Nimesikia. Mwambie mama inahitaji nafasi ya trei kutoka."

"Mwambie fundi trei itatoka hata akisukuma nyuma kidogo. Mkono wa kuivuta ni wangu."

Nikaisukuma nyuma. Trei ikatoka bila kugusa chochote, nafasi ikabaki.

Tulilala kwa shemeji yangu, kiwanja cha pili kutoka hapo. Asubuhi, nikiwa nakunywa chai uani kwake, nikasikia kikwanguo juu ya bati, mkwaruzo mrefu mmoja, kisha wa pili, kisha wa tatu. Kisha ndoo ikawekwa chini. Kisha maji. Nilisubiri nisikie kuendelea, hakukuwa na kuendelea. Mke wangu akaja akiwa na uso wa furaha ambao nilikuwa sijauona tangu kabla ya siku ile ya zahanati.

"Amemaliza. Amesimama wima muda wote. Anauliza ataanika fito lini."

"Kila Jumamosi. Maji ya moto, kisha jua."

"Amesema Ijumaa. Jumamosi ana chama."

Ikawa Ijumaa. Kikohozi hakikuisha siku moja. Kilipungua polepole hadi akawa analala usiku mzima, ingawa msimu wa kupukuchua mahindi bado humrudia kidogo. Daktari alipomsikiliza kifua mara ya mwisho alimuuliza kuku walikwenda wapi, naye akajibu kwamba wamejengewa nyumba na mkwe wake, sakafu ya saruji.

Wanawake wa chama chake, kile kikundi chao cha kuchangiana, walianza kuja kutazama. Mwezi uliofuata mmoja wao akaagiza yake. Nikaitengeneza Kitale kwa vipimo vilevile, nikampelekea, na mama mkwe wangu akaja na mke wangu kukagua. Alizunguka ile meza mara moja. Mwenye nyumba alikuwa mwanamke mrefu sana, na alipovuta trei ikabidi apinde mgongo.

Mama akamgeukia binti yake. "Mwambie fundi, hiyo ni ya kwangu. Huyu ni mrefu."

Alisema kweli. Mke wangu alitaka kunitetea, akasema tofauti ni ndogo, lakini nilimkatiza nikasema nairudisha. Niliipakia kwenye pikapu siku hiyohiyo, nikanunua mabomba mengine, nikakata miguu mipya.

Sasa meza hizi naziuza hadi kule Kwanza. Mtu akija kuagiza kwa niaba ya mama yake au ya shangazi yake, simpokei hadi aniambie kiwiko cha huyo mama kiko wapi. Wengine hunishangaa. Wengine hupiga simu nyumbani palepale, na ninasikia mwanamke upande wa pili akiuliza, kwa mashaka kidogo, ni fundi gani huyu anayetaka kujua mambo ya viwiko.